Kushoto Kwazaa Kulia

Mimi hutumia mkono wa kushoto, na nimeshataniwa vya kutosha. Likizo iliyopita nilimsaidia nyanya kusokota nyuzi za katani za kiondo. Alipousokota uzi wangu pamoja na wake, wangu ukafumuka. "Mjukuu wangu, umesokota kinyume!" akacheka.

Shule zilipofunguliwa nilimwuliza mwalimu wa kemia: je, hata molekuli zina mkono? "Tena sana!" akajibu, akanieleza.

Hebu tazama mikono yako. Inafanana, lakini glavu ya kulia haikai kushoto. Molekuli nyingi ziko vivyo hivyo. Mwaka 1848, Louis Pasteur wa Ufaransa alizitenga kwa mkono fuwele za chumvi moja zilizokuwa za aina mbili, kama mtu na sura yake kiooni.

Protini hujengwa kwa asidi amino. Katikati ya kila moja mna kaboni iliyoshika vitu vinne tofauti, ambavyo vyaweza kupangwa kwa namna mbili: L, yaani kushoto, na D, yaani kulia. Glisini tu haina mkono, kwani imeshika haidrojeni mbili. Protini za miili yetu hujengwa kwa L.

Sasa ajabu! Hizo za kushoto zikiungana kuwa mnyororo, mara nyingi hujisokota kulia, asidi amino 3.6 kwa kila mzunguko. Kwa nini? Kila kaboni hiyo ina tawi la pembeni. Mnyororo ukijisokota kulia, tawi hupata nafasi. Ukijisokota kushoto, tawi hubanana na oksijeni ya mnyororo wenyewe kama abiria wa matatu. Ukijenga kwa D, msokoto hugeuka kushoto. Ukichanganya L na D ovyo, huvurugika, kama uzi wangu na wa nyanya.

Hata mabingwa waliteleza. Linus Pauling na wenzake walipoutangaza msokoto huu mwaka 1951, mchoro wao uliuonyesha umeelekea kushoto!

Wala si mchezo: vimeng'enya vya tumbo vinavyokata protini za L hushindwa na mnyororo wa D, kama ufunguo usioingia kufulini.

Basi wenzangu, mkono wa kushoto si kasoro. Kasoro ni kuchanganya bila kujua. Siku hizi nyanya ameniachia kiondo changu mwenyewe, nyuzi zote zangu, na hakifumuki ng'o!

Mwanachama, Kidato cha Tatu