Kuziba Mzizi wa Jino: Njia Ipi Ifaayo?

Sote twajua jinsi usiku wa mwenye jino bovu ulivyo mrefu. Hapa Kamina, kama penginepo, twasikia wazazi wakisema: "Jino likiuma, dawa yake ni kung'oa." Neno hilo si kweli siku zote. Gego la ukubwani likiisha kung'olewa, halioti tena. Bali mara nyingi laweza kuokolewa, mradi mzizi wake ungali imara.

Jino si mfupa mtupu. Ndani yake mna kiini chenye mishipa, nacho hushuka mzizini kwa mifereji myembamba sana. Uozo ukifika humo, kiini hufa na usaha hutunga. Basi mganga wa meno hulitoboa jino, hukitoa kiini, huipanua mifereji na kuiosha kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha huiziba. Asipoosha vema, kuziba kwake ni sawa na kupaka lipu ukuta wenye mchwa ndani.

Kizibo kinachotumika zaidi ni gutaperka, utomvu wa mti wa nchi za Malaya, unaofanana na mpira. Zamani wengine walitumia vijiti vya fedha, lakini fedha ilishika kutu ndani ya mzizi, ikaachwa. Leo njia zinazojulikana sana ni tatu.

Ya kwanza ni ya baridi. Mganga hutia kijiti cha gutaperka pamoja na saruji laini, hukisukuma kando, kisha huongeza vijiti vingine vyembamba mpaka mfereji ujae. Haihitaji mashine ya umeme, wala gharama yake si kubwa. Lakini pengine nafasi hubaki kati ya vijiti, na mganga akishindilia kwa nguvu mno mzizi waweza kupasuka.

Ya pili ni ya moto, aliyoieleza Herbert Schilder wa Marekani mwaka 1967. Gutaperka hulainishwa kwa joto na kushindiliwa kutoka juu, ikaingia hata katika vijitawi vya mfereji. Hata hivyo yataka vyombo na ustadi, na mara kwa mara kizibo hupita ncha ya mzizi.

Ya tatu ni ya kijiti kimoja na saruji ya namna mpya, isiyosinyaa sana. Ni nyepesi kufanya, ila saruji hiyo ikiisha kuganda ni vigumu kuiondoa, kama jino likihitaji kutibiwa tena.

Je, ipi yashinda? Wataalamu waliolinganisha ya baridi na ya moto, mwaka 2007, waliona kwamba maumivu baada ya kazi na kupona kwa jino havikutofautiana sana. Basi, ndugu msomaji, usihuzunike kwa kuwa kliniki iliyo karibu nawe haina mashine mpya. Mkono mwangalifu wafaa kuliko chombo cha bei.

Lakini tunawasihi wazazi jambo moja. Wengi, maumivu yakiisha kutulia, hawarudi tena kwa mganga. Jino lililozibwa mzizi lisipofunikwa vema juu, mate na vijidudu huingia upya, na kazi yote hupotea. Mpeleke mtoto mapema, uulize gharama yote tangu mwanzo, nawe umrudishe siku uliyoagizwa. Jino moja lililookolewa utotoni laweza kumtafunia chakula hata uzeeni.