Ubunifu wa Mfumo wa Ubaridi wa Amonia kwa Ghala la Nyama: Mfano wa Ushetu, Kahama

Mfugaji wa Ushetu asiye na ghala la nyuzi -18 za Selsiasi hulazimika kuuza nyama siku ileile, kwa bei ya mnunuzi. Makala hii inafafanua ubunifu wa ghala hilo. Kwenye usawa wa bahari amonia huchemka katika nyuzi -33. Ushetu, takriban mita 1,200 juu, huchemka karibu na -36. Kivukizi kikishuka chini ya hapo, hewa yenye unyevu hupenya penye mvujo. Hivyo nyuzi -28 zinapendekezwa. Kondensa ikiwa na nyuzi 35, kanieneo hupanda takriban mara 10, ndiyo maana mgandamizo hugawanywa hatua mbili ili kompresa isipate joto kupita kiasi. Inahitimishwa kuwa kompresa mbili ndogo na jenereta ya akiba hulinda nyama kuliko kompresa moja kubwa.