Je, Wajua? Retina Haiumi, Wala Haingoji

Je, wajua kuwa mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Ziwa Tanganyika bila kuliona? Yeye na Richard Burton waliingia Kaze, Tabora ya leo, Novemba 1857. Wakiwa njiani kwenda Ujiji, macho ya Speke yakapata uvimbe wa ndani. Februari 1858 msaidizi wao, Sidi Mubarak Bombay, alimwonyesha Burton maji yaking'aa kwa mbali. Speke akaambulia ukungu. Baadaye alipata nafuu, na Agosti mwaka huohuo akaiona Nyanza, yaani Ziwa Victoria, kwa macho yake.

Je, wajua kuwa kifaa cha kutazamia ndani ya jicho la mtu aliye hai kilikuwa bado kipya wakati huo? Mjerumani Hermann von Helmholtz alikitangaza mwaka 1851. Kabla ya hapo, retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilichunguzwa kwa maiti. Utando huo haufiki unene wa nusu milimita. Hapo ndipo daktari anaweza kuiona mishipa ya damu waziwazi bila kukata ngozi, na ndiyo maana mwenye kisukari anatakiwa akaguliwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Je, wajua kuwa retina haina neva za maumivu? Inaweza kuchanika na kubanduka mwenyewe akiwa shambani anavuna pamba, asihisi chochote. Atakachoona ni vidoti vyeusi vingi vinavyoelea ghafla, cheche za mwanga pembeni hata gizani, kisha kivuli kinachofunika upande mmoja kama pazia. Mchunga ng'ombe aliyepigwa fimbo au tawi la mgunga jichoni anaweza kuanza kuona hayo miezi kadhaa baada ya kidonda kupona, na asikumbuke kabisa kuvihusisha viwili hivyo.

Hapa naomba ndugu zangu wa Ziba tusikilizane. Mtoto wa jicho kwa mtu mzima kwa kawaida anaweza kusubiri mavuno yaishe. Retina iliyobanduka haiwezi. Ikirudishwa kabla sehemu yake ya katikati haijabanduka, uwezo wa kusoma na kutambua sura za watu huokolewa. Katikati ikishaachia, kila siku inayopita inapunguza kitakachorudi. Matone ya duka la dawa hayataigandisha. Nkinga, hospitali ya rufaa, iko hapahapa wilayani Igunga: nenda siku hiyohiyo, eleza dalili, uliza habari ya rufaa. Upasuaji wenyewe hufanywa katika vituo vichache nchini, kama KCMC Moshi na CCBRT Dar es Salaam, na safari hiyo huhitaji nauli, mtu wa kukusindikiza na maamuzi ya haraka nyumbani.

Je, wajua kuwa matone ya kupanua mboni huleta ukungu kwa saa kadhaa? Usiendeshe pikipiki kurudi. Mtoto wa jicho akiziba njia ya kuona ndani, hutumika ultrasaundi. Kuna pia rangi ya fluoresini inayodungwa kwenye mshipa wa mkono ili mishipa ya retina ing'ae pichani. Novotny na Alvis, waliobuni kipimo hicho Indiana, Marekani, na kukichapisha mwaka 1961, walikuwa bado wanafunzi wa udaktari. Mkojo ukitoka wa njano kali baada yake, usishtuke.

Je, wajua kuwa hata malaria kali huacha alama kwenye retina? Utafiti wa Blantyre, Malawi, ulionyesha kuwa mabaka meupe na damu ndogondogo humsaidia daktari kutambua kama mtoto aliyepoteza fahamu ana malaria ya ubongo kweli, au ana ugonjwa mwingine huku vimelea vikiwa vimo tu mwilini.

Je, wajua kuwa kabla ya Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, kubanduka kwa retina kulikuwa karibu sawa na hukumu ya upofu? Karne ya 20 ikiwa bado changa, alithibitisha kuwa tundu la retina iliyochanika likizibwa, retina hurudi mahali pake. Robert Machemer, aliyeanzisha huko Miami upasuaji wa kisasa wa kuondoa ute wa ndani ya jicho, alianza majaribio kwa kunyonya ute wa yai bichi.

Je, wajua kuwa baada ya upasuaji huo jicho linaweza kujazwa gesi ya kuikandamiza retina mahali pake? Mgonjwa huambiwa alale kifudifudi siku kadhaa, na ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Lakini gesi hutanuka unapopanda juu. Ndege imekatazwa kabisa, na basi la Dar es Salaam kuja Igunga nalo linapanda kutoka usawa wa bahari hadi takriban mita 1,500 Singida, kabla ya kuteremka Sekenke. Kule juu gesi huongezeka kwa karibu moja ya tano, presha ya jicho ikapanda na damu ikashindwa kupita. Kwa hiyo mwambie daktari mapema, na kwa mkazo, unakoishi. Anaweza kukubakiza mjini hadi gesi iishe, au akachagua mafuta ya silikoni, ambayo hayatanuki ila kwa kawaida huhitaji upasuaji wa pili kuyatoa.

Je, wajua kuwa picha ya simu yenye flashi inaweza kufichua saratani ya retina ya watoto? Mboni moja iking'aa nyeupe badala ya nyekundu, mtoto apelekwe hospitali wiki hiyohiyo. Ikiwahiwa, wengi hupona, na mara nyingine hata jicho hubaki.