Msuka na Noleo: Kiungo cha Mshale wa Kaboni na Msamiati Wetu

Kila aliyesoma Utendi wa Fumo Liyongo anaikumbuka picha ile ya mwisho. Shujaa amekwisha kuchomwa kitovuni na mwanawe wa kumzaa, hata hivyo anatwaa uta wake, anapiga goti kisimani, anapachika mshale na kukata roho akiwa katika hali ya kulenga. Watu wa mji wanashindwa kuteka maji kwa kumwogopa mtu ambaye hayupo tena. Wahakiki tumeuchambua mshale huo kama ishara ya ushujaa, ya hofu na ya usaliti. Lakini ni nani kati yetu aliyepata kujiuliza kigumba chake kilishikamana vipi na wano? Mimi sikujiuliza. Swali hilo nililetewa nyumbani Lubao, pamoja na mishale sita iliyovunjika.

Lubao, kwa wasiopafahamu, ni soko lililo kando ya barabara itokayo mjini Kakamega kuelekea Webuye, nalo ni mashuhuri zaidi kwa biashara ya mbwa. Binamu yangu alirejea huko kutoka ng'ambo akiwa na uta wa mbao wa mtindo wa jadi na mishale kumi na miwili ya kaboni. Shabaha yake ilikuwa gunia lililoshindiliwa nyasi kavu, na nyuma ya gunia palikuwa na shina la mkaratusi. Kila alipolikosa gunia, mkaratusi haukumkosa. Mishale mitano ilipasuka mahali pamoja, nyuma tu ya kigumba. Wa sita ulikuwa na ufa usioonekana, nao ukasambaratika alipouachilia kutoka utani. Kibanzi cha kaboni kikamwingia mkononi, chini ya kidole gumba. Tulipokuwa tukimfunga kidonda akaniuliza, "Wewe unayesomea Kiswahili, hiki kipande kilichoponza mkono wangu mnakiitaje?" Sikuwa na jibu.

Azma ya makala haya ni kulitoa jibu hilo kwa kuchelewa, na kueleza jinsi kiungo hicho kinavyoweza kuimarishwa. Nimegundua kwamba mambo hayo mawili hayatenganishiki.

Tuanze na umbo. Kiswahili kimeutaja mshale kwa utajiri wa kutosha: wano ni uti wake, kigumba au chembe ni kichwa chake, upote ni kamba ya uta inayousukuma, na podo au ziaka ndilo ala lake. Wano la jadi ni mti mtupu usio na uwazi ndani, ilhali wano la kaboni ni mrija. Limeundwa kwa nyuzi nyembamba mno za kaboni zilizogandishwa pamoja kwa gundi ngumu ya epoksi, na nyingi za nyuzi hizo zimelala kwa urefu wa mrija. Kwa sababu hiyo wano hustahimili sana kuvutwa na kupindwa, lakini upande kwa upande nyuzi zinashikwa na gundi peke yake. Likizidiwa, hupasuka kwa urefu kama mwanzi.

Kwa kuwa wano ni mrija, kigumba hakina pa kuchomekwa. Ndipo panapohitajika kipande cha kati: kijiti cha metali kinachogundishwa ndani ya mdomo wa mrija, chenye tundu lililochongwa hesi ili kigumba kiskrubiwe humo. Vile vya kawaida, vinavyouzwa pamoja na mishale, aghalabu ni vya aluminiamu, vifupi na vyepesi. Mshale unapogonga kitu kigumu kwa mshazari, kigumba hugeuka kuwa mtaimbo, na kijiti kile kifupi hufanya kazi ya kabari: kinaupanua mdomo wa mrija hadi ukapasuka. Kosa basi si la kaboni. Ni la kiungo.

Niliwapeleka wale majeruhi sokoni kwa mzee mmoja ambaye kazi yake ni kutia mipini kwenye visu, mundu na patasi. Aliugeuza mshale mmoja mara mbili, akacheka. "Kijana wangu, hii ni patasi tu," akasema. Akanionyesha patasi iliyokuwa mbele yake: chuma chake kina mkia mrefu unaozama katika mpini, na penye mdomo wa mpini pamevishwa ringi ili nyundo isiupasue. Mkia ukiwa mfupi, mpini unapasuka. Ringi ikikosekana, mpini unapasuka vilevile. Nikamwambia, "Mzee, umemaliza."

Hayo ndiyo matibabu mawili yanayotumiwa na wapiga mishale wa jadi kwingineko duniani. La kwanza ni kuagiza kijiti cha ndani kilicho kirefu na kizito zaidi, cha shaba nyeupe au chuma cha pua, ili nguvu ya kupinda isambae katika sehemu kubwa ya mrija. La pili ni kuuvisha mrija pete kwa nje, ndefu kiasi cha sentimita 2 au 3, ili mdomo usipanuke.

Nilipofungua kamusi usiku ule nilitahayari. Ule mkia wa kisu au jembe unaoingia katika mpini una jina: msuka. Ile pete inayouzuia mpini usipasuke nayo ina jina: noleo. Maneno haya mawili yamekaa kamusini miaka na miaka, na mimi niliyefikia shahada ya uzamili sikuwa nimewahi kuyatamka. Nilikuwa tayari nimeandika "inseti" katika daftari langu, nikajiona mwanaistilahi.

Pingamizi zipo. Mhadhiri mmoja aliyeisoma rasimu yangu alisema kwamba msuka ni sehemu ya chuma chenyewe, ilhali kijiti cha mshale ni kitu cha pekee kinachonunuliwa mbali. Ni kweli, lakini istilahi hukua kwa kupanuliwa maana, na kazi ya vitu hivi viwili ni moja. Wengine watasema kwamba noleo ni jiwe la kunolea pia. Muktadha utaamua, kama unavyoamua katika maneno mengine mengi. Pingamizi linaloniumiza kichwa ni la mzee wa Lubao, asemaye mkia na ringi na anayeeleweka na wateja wake wote. Ringi sina ugomvi nayo. Mkia siutaki, kwa kuwa mshale una upande wa nyuma, na msikilizaji atadhani ndio unaotajwa.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kila mshale wa kwetu ulihitaji kiungo imara. Mshale wa sumu wa Wakamba ulikuwa na kigumba kidogo kwenye kijiti kifupi, kilichochomekwa katika wano bila kukazwa. Sumu ya msunguti ilipakwa hapo, kisha ikaviringwa ngozi laini isikauke. Mnyama alipopigwa, wano lilianguka na kigumba kikabaki mwilini. Waata wa nyika ya Tsavo, ambao mata yao yalikuwa na nguvu za kulinganishwa na zile za Waingereza wa kale, walitegemea sumu hiyohiyo hata kwa ndovu. Kiungo chao kililegezwa kwa makusudi, na huo ulikuwa ufundi. Lakini uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na mshale wa leo ni wa michezo. Shehzana Anwar aliiwakilisha Kenya katika kulenga shabaha kwenye Olimpiki za Rio de Janeiro mwaka 2016. Mshale wa namna hiyo hupigwa, huchomolewa na kupigwa tena, kwa hiyo sharti kiungo chake kishike.

Fundi wa kukereza chuma mjini Kakamega alitutengenezea misuka sita ya shaba nyeupe, kila mmoja una urefu wa sentimita 3 na uzito wa takriban gramu 6. Tulimwachia kigumba kimoja apime hesi zake. Manoleo tuliyakata kutoka kwenye mirija ya antena kuukuu ya televisheni. Tulikwaruza mdomo wa mrija kwa msasa, tukausafisha kwa spiriti, tukapaka epoksi na kuuzungusha msuka ulipokuwa ukiingia ili gundi ienee, kisha tukaiacha mishale siku nzima. Anayekata kaboni afunike pua na mdomo, kwani vumbi lake lina madhara. Asitumie moto mkali pia, maana huiharibu gundi inayozishika nyuzi.

Hapo ndipo tulipopata somo ambalo patasi haina. Katika uta wa jadi mshale hupita ubavuni mwa mti wa uta, hivyo hulazimika kupinda kidogo uupite ndipo unyooke. Ukakamavu wa wano hupimwa kwa kuliegemeza juu ya nguzo mbili zilizoachana sentimita 71 na kuning'iniza katikati uzito wa gramu 880. Wano la namba 500 hushuka milimita 12.7, na la 340 hushuka milimita 8.6. Ukiongeza uzito mbele, wano hutenda kana kwamba limelegea zaidi. Mawano yetu yalikuwa ya 500, nayo tulipoyajaribu bila manyoya yalikwenda kulia kwa ukaidi, kama ilivyo desturi ya wano lililolegea kwa mpigaji wa mkono wa kulia. Tulikata sentimita 2 nyuma, kisha 2 nyingine, ndipo yakanyooka. Asiyetaka kukata na anunue wano kakamavu zaidi tangu mwanzo.

Siku hizi binamu yangu haupachiki mshale kabla ya kuupinda taratibu karibu na sikio na kusikiliza, ukilia, anauvunja. Juma lililopita alilikosa gunia tena. Msuka ulikuwa umepinda kidogo na noleo limebonyea upande mmoja, lakini mrija haukuwa na ufa.