Aliyemaliza Kifungo Ni Raia Kama Sisi

Katika vijiji vyetu, mtu aliyetoka gerezani mara nyingi hutazamwa kwa jicho baya. Akinyoosha mkono kwenye mkutano wa kijiji, watu hunong'ona: "Huyu naye? Si alifungwa huyu?" Mwenyewe anaona haya, anakaa kimya. Basi, leo tuulizane: sheria ya Tanzania inasemaje juu ya mtu aliyehukumiwa kwa kosa lisilo la kumwaga damu, kama vile wizi mdogo au udanganyifu?

Njia ya kufuta hatia

Hatia hufutwa na mahakama, na njia yake ni rufaa. Lakini rufaa ina siku zake. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Hukumu ikitolewa tarehe 3 Juni, usipitishe tarehe 3 Julai. Kama kesi ilianzia Mahakama ya Wilaya na rufaa inakwenda Mahakama Kuu, toa taarifa ya kusudio la rufaa ndani ya siku 10, kisha peleka rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Siku za kungoja nakala ya hukumu hazihesabiwi katika hizo 45. Aliye gerezani humkabidhi mkuu wa gereza karatasi zake. Ukichelewa, unaweza kuiomba mahakama ikuongezee muda, lakini lazima utoe sababu ya maana.

Omba nakala ya hukumu uisome. Lugha ya Mahakama ya Mwanzo ni Kiswahili, na sisi sasa tunajua kusoma!

Tahadhari ndugu: usikiri kosa usilotenda ili tu urudi nyumbani upesi. Aliyekiri mwenyewe, kwa kawaida hawezi kupinga hatia katika rufaa. Anaweza kulalamikia adhabu tu.

Msamaha wa Rais

Katiba, ibara ya 45, inampa Rais uwezo wa kusamehe wafungwa au kuwapunguzia adhabu. Mara nyingi tunasikia msamaha huo siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba, au siku ya Muungano, tarehe 26 Aprili. Lakini kupunguziwa adhabu siyo kushinda rufaa. Mtu anatoka gerezani mapema, ila hukumu ya mahakama inabaki.

Haki zake ni zipi?

Kwanza, kura. Sheria humzuia anayetumikia kifungo kinachozidi miezi sita. Aliyemaliza kifungo hazuiwi kwa sababu hiyo. Kama jina lake halimo katika daftari la wapiga kura, aende akajiandikishe wakati daftari linapoboreshwa.

Pili, uongozi. Hapa pana ngoja kidogo. Katiba, ibara ya 67, inamzuia kugombea ubunge mtu aliyefungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi. Miaka hiyo ikipita, kizuizi hicho kinaisha.

Tatu, shamba. Kufungwa peke yake hakumnyang'anyi mtu shamba lake. Jirani aliyesogeza mpaka wakati mwenzake yuko gerezani amefanya kosa. Mpaka urudishwe.

Jihadhari na matapeli

Wapo watu wanaosema, "Nipe pesa, nitakufutia jina lako polisi." Usimpe hata senti! Huo ni utapeli au rushwa, na rushwa inaweza kukurudisha kulekule ulikotoka. Ukitaka msaada, mwulize msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watu hawa, na wasio na uwezo husaidiwa bure.

Nasi majirani tuna kazi. Mtu akinyimwa kibarua, akitengwa kwenye ngoma na kwenye msiba, atakula wapi? Njaa itamrudisha kwenye wizi, na kuku watakaoibwa ni wetu. Wahenga walisema: kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Tumpe jembe, tumpe na nafasi ya kusema mkutanoni.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo ina siku ngapi?
2. Msamaha wa Rais na ushindi wa rufaa vinatofautianaje?
3. Kijiji chetu kinawapokeaje waliomaliza vifungo? Tubadilishe nini?