Uundaji Upya wa Vipuri vya Plastiki vya Ndani ya Magari ya Kale: Umbo, Malighafi na Uhalisi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna vipuri vya plastiki vya ndani ya magari ya kale vinavyoweza kuundwa upya pale vinapopasuka au kupotea ilhali kiwanda hakivitoi tena. Hoja kuu ni kwamba kunakili umbo peke yake hakutoshi. Kipuri ni umbo, malighafi na kazi kwa pamoja, na nakala inayozingatia umbo tu huharibika mapema, humpotosha mnunuzi au humhatarisha abiria. Makala yanaeleza chanzo cha uchakavu, utambuzi wa malighafi, hatua za kusubu kwa kalibu ya silikoni, nafasi ya printa ya pande tatu, pamoja na mipaka ya usalama na uhalisi.

1.0 Utangulizi

Katika Afrika Mashariki, Peugeot 404 na 504 ni magari yenye historia yake. Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania walishinda mbio za Safari kwa 404 mwaka 1966 na 1967, na 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Uzalishaji wa 504 ya saluni nchini Ufaransa ulikoma mwaka 1983. Mwenye gari la namna hii anayetaka kulirejesha katika hali yake ya awali hugundua upesi kwamba kazi ya bodi ina mafundi wake na injini ina vipuri vyake, lakini kirungu cha gia, fremu ya mita, matundu ya hewa na mkono wa kuteremshia kioo havipatikani. Bati lililoliwa na kutu hukatwa na kuchomelewa jingine. Plastiki iliyomeguka haina njia nyepesi kama hiyo.

Kiwandani, vipuri hivyo vilitengenezwa kwa kusukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu ya chuma kwa shinikizo kubwa. Gharama ya kalibu hiyo hurudi tu iwapo maelfu ya vipuri yatatengenezwa. Anayehitaji vipuri vitano hana budi kutafuta njia nyingine, na njia hizo ndizo zinazojadiliwa hapa.

2.0 Chanzo cha Uchakavu

Plastiki haiozi kama mbao, lakini huzeeka. Mionzi ya urujuanimno ya jua hukata minyororo ya molekuli zake, na oksijeni hukamilisha uharibifu huo. Ndiyo sababu rangi hupauka na uso huwa kama vumbi. Aidha, dashibodi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilifunikwa kwa PVC laini juu ya sponji. PVC kwa asili yake ni ngumu. Hulainishwa kwa vilainishi vinavyochanganywa kiwandani. Kadiri miaka inavyopita, vilainishi hivyo hutoka taratibu kama mvuke, na joto huharakisha mwendo huo. Utando mwembamba unaoonekana upande wa ndani wa kioo cha mbele, hata katika gari lililosafishwa, kwa sehemu hutokana na mvuke huo. PVC iliyopoteza vilainishi hukakamaa, hunywea, kisha hupasuka.

Kunywea huko kuna athari kubwa kwa mnakili. Kipuri kikuukuu si shahidi kamili wa vipimo vyake vya awali, kwani huenda kimepungua urefu au kimepinda. Kwa hiyo vipimo vichukuliwe pia kwenye gari lenyewe, yaani umbali kati ya matundu ya skrubu, kingo za bati na nafasi ya mita. Pale kipuri na bati vinapotofautiana, bati ndilo la kuaminiwa.

3.0 Utambuzi wa Malighafi

Kabla ya kunakili, ni lazima ijulikane kipuri kimetengenezwa kwa kitu gani. Majaribio machache hutosha, nayo yafanyike kwa kipande kilichomeguka au upande usioonekana. Polipropilini huelea majini, ilhali ABS na PVC huzama. Tone la asetoni hulainisha ABS na kuifanya inate, lakini haligusi bakelaiti. Bakelaiti, iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907, ni ngumu, huvunjika kama kigae, na ikisuguliwa kwa kidole hadi ipate joto hutoa harufu ya dawa ya kusafishia vidonda. Jaribio la kuchoma kwa moto halifai, kwa sababu PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi inayodhuru mapafu.

Utambuzi huu huamua iwapo kipuri kinahitaji nakala au tiba tu. ABS iliyopasuka huweza kuungwa kwa uji wa vipande vya ABS vilivyoyeyushwa katika asetoni. Kiungo hicho huwa plastiki ileile. Polipropilini, kinyume chake, hukataa karibu kila gundi. Kanuni inayopendekezwa hapa ni kwamba kinachotibika kitibiwe, na nakala iwe hatua ya mwisho.

4.0 Kusubu kwa Kalibu ya Silikoni

Lugha ya Kiswahili ina maneno ya kazi hii tangu zamani. Masonara husubu pete katika kalibu, na maneno hayo yanatosha kwa resini pia.

Hatua ya kwanza ni kuandaa kiolezo, yaani kipuri cha asili kilichozibwa nyufa na kusuguliwa kwa msasa. Uangalifu unahitajika panapokuwa na nakshi mithili ya ngozi, kwani msasa huifuta na silikoni hunakili kila kosa. Nakshi iliyopotea inaweza kurudishwa kwa kuchukua chapa ya silikoni mahali ilipobaki nzima na kuigandamiza juu ya kijazio kabla hakijakauka.

Hatua ya pili ni kalibu ya vipande viwili. Kiolezo huzikwa nusu katika udongo wa kufinyangia ndani ya kisanduku, na vishimo vidogo huchimbwa kandokando ili vipande vije kukaa sawasawa. Silikoni na kigumishi chake hupimwa kwa mizani, hutolewa hewa kwa pampu ya ombwe inapowezekana, kisha humiminwa kwa mkondo mwembamba kutoka kona ya chini. Baada ya kuganda, udongo huondolewa, uso wa silikoni hupakwa mafuta mazito ya kuzuia kushikana, na nusu ya pili humiminwa. Fundi akisahau mafuta hayo hupata bonge moja, kwa kuwa silikoni hushikana na silikoni. Vilevile, udongo wenye salfa huizuia silikoni ya aina ya platini isigande.

Hatua ya tatu ni kumimina resini ya poliyurethani kupitia mlango mmoja, huku matundu ya kutolea hewa yakiwa sehemu za juu kabisa. Hapa wakazi wa Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam wana adui wa pekee: unyevu. Kigumishi cha resini hii kikikutana na maji, hata yale ya hewani, hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na nakala hujaa viputo. Makopo yafungwe mara baada ya kutumika, kalibu ipashwe moto kidogo ili ikauke, na vijiti vya mbao visitumike kukorogea, maana mbao huhifadhi maji. Resini ikigandia ndani ya tangi lenye shinikizo la hewa, viputo hubanwa hadi visionekane. Tangi hilo ni lazima liwe limetengenezwa kuhimili shinikizo. Sufuria iliyoboreshwa gereji inaweza kulipuka.

Resini hunywea inapoganda. Ikiwa kiwango ni asilimia 1, fremu ya milimita 300 itapungua milimita 3, na skrubu hazitaingia. Kwa sababu hiyo kiolezo kirefu hurekebishwa vipimo mapema, na nakala haifanywi kiolezo cha nakala nyingine, kwani upungufu hujirudia kila kizazi.

5.0 Joto na Printa ya Pande Tatu

Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hupita nyuzijoto 70 kwa urahisi. Kigezo hiki huondoa malighafi nyingi zinazovutia kwa bei. PLA, ambayo ndiyo plastiki maarufu zaidi ya printa za pande tatu, hulainika karibu na nyuzijoto 60. ABS na ASA hustahimili hadi karibu 100, na ASA huvumilia jua zaidi. Hata resini za kusubu zina udhaifu huo: baadhi ya zile za bei nafuu huanza kulegea karibu na nyuzijoto 50. Nakala yaweza kupendeza mezani Jumatatu na kupinda barabarani Jumamosi. Karatasi ya maelezo ya resini hutaja joto la kulegea, na inapaswa kusomwa kabla ya kununua.

Faida kubwa ya printa ni kwamba kipimo hurekebishwa kwenye kompyuta kabla ya malighafi kutumika. Njia ifaayo mara nyingi ni mchanganyiko: kiolezo huchapwa kwa plastiki yoyote, husuguliwa kwa msasa, kisha hutumika kutengenezea kalibu. Viwanda vyenyewe vimeingia katika uwanja huu. Kitengo cha Porsche cha magari ya kale kilianza kutoa baadhi ya vipuri kwa uchapaji wa pande tatu mwaka 2018.

6.0 Mipaka ya Usalama na Uhalisi

Usalama wa fundi hutangulia. Kigumishi cha poliyurethani kina isosayaneti, kemikali inayoweza kusababisha pumu ya kudumu. Kitambaa puani hakizuii mvuke wake. Panahitajika barakoa yenye vichujio vya mvuke na mahali penye upepo.

Usalama wa abiria una mipaka iliyo wazi. Kirungu, fremu na kifuniko vinaweza kusubiwa. Sehemu inayobeba uzito au uhai, kama kitovu cha usukani, pedali ya breki au kishikio cha mkanda, haisubiwi kwa resini ya karakana. Suala la moto nalo si dogo: tangu 1972 kanuni za Marekani zimetaka malighafi za ndani ya gari zisiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Mnakili anaweza kuchagua resini yenye kizuia moto hata kama hakuna anayemkagua.

Kuhusu uhalisi, Hati ya Turin, iliyopitishwa na shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, mwaka 2012, inataka sehemu zilizobadilishwa zitambulike. Njia nyepesi ni kuchora mwaka na alama ya fundi upande wa ndani wa kalibu, ili kila nakala izaliwe na ushahidi wake. Kipuri cha asili, hata kikiwa vipandevipande, kihifadhiwe pamoja na gari. Kikitupwa, mrejeshaji wa kizazi kijacho atakuwa na kazi ya mikono yetu tu, pamoja na makosa yetu, na hatakuwa na cha kulinganisha.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa mnakili wa kipuri cha plastiki anapaswa kujibu maswali matatu kabla ya kufungua kopo la resini: kipuri kilikuwa na vipimo gani kabla hakijanywea, kilitengenezwa kwa malighafi gani, na kinafanya kazi gani ndani ya gari? Anayejibu yote matatu hupata kipuri kinachoingia mahali pake, kinachostahimili jua na kisichoficha asili yake. Ujuzi huu kwa sasa hukaa mikononi mwa mafundi na hupokezanwa kwa mdomo. Kuuandika kwa Kiswahili, kwa vipimo na kwa majina ya malighafi, kutamwezesha fundi mchanga kuanzia pale mwalimu wake alipoishia.