Kihisi Ndani ya Bika: Data za Kisasa na Swali Lililoulizwa Iringa

Ukusanyaji wa data kwa vifaa vya kisasa katika maabara ya sekondari hutegemea kihisi, yaani kifaa kidogo kinachobadili hali ya kimaumbile, iwe joto, mwanga, kanieneo au mwendo, kuwa ishara ya umeme, ambayo hugeuzwa kuwa tarakimu na kuhifadhiwa pamoja na muda wa kipimo. Mwanafunzi mwenye themometa ya kioo akisoma kila dakika hupata vipimo 60 kwa saa, iwapo hatachoka. Kihisi cha joto cha aina ya DS18B20, kikiunganishwa na bodi ndogo ya kielektroniki kama Arduino, huhitaji robo tatu tu ya sekunde kwa kila kipimo, hivyo kikipangwa kusoma kila sekunde hutoa vipimo 3,600 katika muda huohuo, hata usiku maabara ikiwa imefungwa.

Thamani ya wingi huo hudhihirika katika swali ambalo sehemu kubwa ya historia yake iko Iringa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aliona kwamba maziwa aliyoyaweka kwenye friji yakiwa bado moto ili kutengeneza aiskrimu yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipohamia Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, alilishikilia swali lake ingawa lilichekwa, mpaka Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo, akaulizwa mbele ya wanafunzi, na aliporudi chuoni akalifanyia majaribio. Makala yao ya pamoja ilichapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Katika majaribio ya Osborne, maji yaliyoanza yakiwa na nyuzi joto 25 ndiyo yaliyochelewa zaidi kuanza kuganda, na yale ya karibu nyuzi 90 yalianza mapema zaidi; aidha, tabaka jembamba la mafuta juu ya maji lilichelewesha kuganda, jambo lililoonyesha kwamba sehemu kubwa ya joto hupotea kupitia usoni mwa maji.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walirudia suala hilo kwa kupima muda ambao maji huchukua kupoa hadi nyuzi 0, wasipate ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hutangulia. Walionyesha pia kwamba tofauti ya sentimita 1 tu katika kina cha themometa inaweza kuzaa matokeo yanayofanana na yale ya Mpemba, kwa sababu maji yanayopoa hayawi na halijoto moja kutoka juu hadi chini. Utafiti huo haukulifunga swali la kuanza kuganda, ambalo ni tukio jingine, lakini ulionyesha pale ambapo vifaa vya kisasa hufaa kuliko popote: vihisi vitatu vilivyofungwa kwenye kijiti kimoja, kimoja karibu na uso wa maji, kimoja katikati na kimoja karibu na kitako cha bika, huchora grafu tatu kwa wakati mmoja, na mwanafunzi huona tofauti ambayo themometa moja ingeificha.

Hata hivyo, tarakimu nyingi zinaweza kudanganya. DS18B20 inaweza kuonyesha badiliko la nyuzi 0.0625, ilhali usahihi wake, yaani ukaribu wa kipimo na halijoto halisi, ni nusu ya nyuzi juu au chini kati ya nyuzi -10 na 85, kwa hiyo mwanafunzi anayeandika 24.8125 kwa kujiamini amenakili skrini tu, hajapima. Dawa yake ni usawazishaji, yaani kulinganisha kihisi na halijoto inayojulikana, na hapa Nyanda za Juu Kusini zina mtego wake. Maji huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na ile ya hewa, na kwa kuwa kanieneo ya hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda juu, katika mji wa Mbeya, ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 94, na Iringa, iliyo chini kidogo, karibu na 95. Mwalimu atakayesawazisha kihisi kwa nyuzi 100 za kitabuni atakuwa ameingiza kosa la nyuzi tano au sita kabla jaribio halijaanza.

Vifaa si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Wanafunzi wa sekondari hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, lakini simu janja moja ya mwalimu, ikiwekewa programu ya phyphox iliyotengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani na inayotolewa bure, hupima mchapuko na sauti, na baadhi ya simu hupima hata kanieneo ya hewa. Kinachohitajika zaidi ni mwalimu anayejua kihisi kiwekwe wapi na kwa nini. Ilipokuwa Shule ya Mkwawa leo kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kinachoandaa walimu wa sekondari, na ingefaa kila mwalimu wa fizikia anayehitimu hapo awe amelifanya jaribio la Mpemba kwa mikono yake, akiwa na vihisi vitatu na si kimoja.